Bessarabia: anzia kusini

Anayeisoma Bessarabia, jimbo la zamani la dola ya Urusi ambalo sehemu yake kubwa leo ni Moldova, kwa kawaida hupelekwa moja kwa moja Chișinău, uliokuwa mji mkuu wake. Mimi wanafunzi wangu huwaanzishia kusini, Budjak, nyika ya pwani ya Bahari Nyeusi, kati ya mito Danube na Dniester. Huko dola haikujificha.

Mei 1812, takriban mwezi mmoja kabla Napoleon hajaivamia Urusi, Sultani wa Osmania alilazimika kutia saini mkataba wa Bukarest. Nusu ya mashariki ya Moldavia, utemi uliokuwa chini ya Sultani, kuanzia mto Prut hadi Dniester, ikawa ya Tsar Alexander wa Kwanza. Wenyeji hawakuulizwa. Kule Budjak, Watatari wa Nogai, wafugaji Waislamu, walikuwa wameshahamishwa au kukimbia wakati wa vita, na serikali ikaihesabu ardhi yao kuwa haina mwenyewe.

Wakaletwa walowezi. Mwaka 1813 Tsar aliwaita Wajerumani waliokuwa Poland: kila familia ipate desiatina 60 za ardhi, yaani kama hekta 65, isamehewe kodi miaka 10, na vijana wao wasiandikishwe jeshini. Wabulgaria nao walivuka Danube kuukimbia utawala wa Sultani, pamoja na Wagagauzi, Waorthodoksi ambao lugha yao ni ndugu ya Kituruki. Vijiji vya Wajerumani vikapewa majina ya vita vya kumpiga Napoleon: Borodino, Tarutino, Leipzig, hata Paris. Mkulima wa Kijerumani, raia wa Tsar, anavuna ngano Paris, kwenye malisho ya Wanogai! Sijui jimbo jingine linalojieleza vizuri hivyo kwa majina tu.

Urusi iliposhindwa vita vya Crimea, mkutano wa Paris wa 1856 uliamua kuiondoa kwenye mdomo wa Danube, na ukanda wa kusini ukarudi Moldavia. Warusi wakaomba waachiwe Bolgrad, makao ya walowezi wa Kibulgaria. Wajumbe wakaitikia, wakidhani ni kimji kilicho mbali na maji. Kumbe Bolgrad yenyewe iko kwenye ziwa Yalpug, linaloungana na Danube! Waingereza wakaja juu, na ubishi haukuisha hadi Januari 1857, Moldavia ilipopewa mji ule. Mwaka 1878 Urusi iliuchukua tena ukanda wote, safari hii kutoka kwa Romania, ambayo Moldavia ilikuwa imeshakuwa sehemu yake, na ambayo mwaka uliotangulia askari wake walikufa Plevna, Bulgaria, wakiwasaidia Warusi dhidi ya Waosmania. Waromania hawakuwasamehe.

Mwaka 1918 baraza la Chișinău lilipiga kura ya kujiunga na Romania: 86 ndiyo, 3 hapana, 36 hawakuegemea upande. Stalin aliichukua Bessarabia Juni 1940. Wajerumani wapatao 93,000 waliondoka mwaka huohuo kwa makubaliano yake na Hitler, na Budjak ikatiwa Ukraine. Ndiyo maana Moldova ya leo haina pwani: imebakiwa na kipande cha ukingo wa Danube kisichofika kilomita moja, pale Giurgiulești, na bandari yake yote imebanwa hapo.