Hanamu Kali Kwenye Ubao: Dhana Potofu na Ukweli

Mafundi wengi wanaochonga nyumbani hapa Goma huamini kwamba msumeno wa mezani, yaani mashine yenye msumeno wa duara unaotokeza juu ya meza, ukishagota kwenye digrii 45, hanamu (ukingo uliokatwa kwa mshazari) iliyolala zaidi ya hapo haiwezekani. Ni kweli kwamba misumeno mingi huinama karibu kiasi hicho tu, lakini mkao wa ubao unaweza kubadilishwa. Ukitaka digrii 60 kutoka mkato ulionyooka, simamisha ubao kwa ukingo wake, uso wake ukiegemea ubao mrefu uliofungwa kwenye reli ya mashine (kizuizi kinachoongoza ubao unaposukumwa), kisha inamisha msumeno digrii 30, yaani kiasi kinachobaki kufikia 90. Msumeno uinamie upande ulio mbali na reli, ili kipande kinachokatika kisibanwe na kurushwa. Ubao mfupi usioweza kusimama imara usikatwe hivyo kabisa. Kidole hakioti tena.

Dhana ninayopambana nayo zaidi ni ile isemayo kwamba digrii moja si kitu. Chukua uso wa meza wenye unene wa milimita 30, ambao unataka kuupunguza ukingo kwa chini ili uonekane mwepesi, ukiacha milimita 5 juu. Hanamu yako itakuwa na kimo cha milimita 25. Kwa digrii 20, huingia chini ya meza takriban milimita 9, na kosa la digrii moja huisogeza nusu milimita tu. Kwa digrii 60 huingia milimita 43, na kosa lilelile huipeleka hadi 45. Hanamu mbili zinazotofautiana hivyo zikikutana kwenye pembe ya meza, mstari unaopaswa kuigawanya pembe sawasawa huenda upande, na hakuna msasa utakaouficha.

Kwa hiyo namba zilizochongwa kwenye mashine nazichukulia kama makadirio. Nakata kwanza kipande cha mbao mbovu chenye unene uleule, kisha napima kwa rula umbali ambao hanamu imeingia. Rula huonyesha kosa ambalo mshale wa mashine hauonyeshi.

Wapo pia wanaosubiri umeme urudi, wakidhani kwamba kazi hii haifanyiki kwa mkono. Randa iliyonolewa vizuri yatosha, mradi uchore mistari miwili kabla ya kuigusa: mmoja chini ya meza, milimita 43 kutoka ukingoni, na mwingine kwenye ukingo wenyewe, milimita 5 kutoka juu. Punguza kidogo kidogo hadi mistari yote miwili iguswe kwa pamoja, ukikagua ubapa kwa kulaza rula juu yake na kutazama kama mwanga unapenya. Anza na ncha zilizokata nyuzi za mti, umalizie na pande zinazofuata nyuzi, kwa kuwa vibanzi vitakavyopasuka pembeni mwanzoni vitaondolewa na randa mwishoni.