Janjira: ukweli kuhusu watawala Masidi wa pwani ya Konkan

Wapo wanaoamini kwamba Waafrika waliofikishwa India zamani walibaki watumwa hadi kufa kwao. Dhana hiyo inakanushwa na Janjira, dola ndogo iliyokuwa kusini mwa Mumbai, ambayo ilitawaliwa na Masidi, Waislamu wenye asili ya Uhabeshi, tangu karne ya 17 hadi ilipounganishwa na India huru mwaka 1948. Ni kweli kwamba wengi waliingia Dekani, nyanda za juu za kusini mwa India, kwa njia ya biashara ya utumwa, lakini askari mtumwa aliyekuwa hodari aliweza kupewa uhuru wake, akapandishwa cheo na hata kukabidhiwa ngome.

Kosa linalorudiwa mno ni kumtaja Malik Ambar kuwa mwasisi wa nasaba hiyo. Malik Ambar, aliyefariki mwaka 1626, alikuwa Mhabeshi na waziri mkuu wa usultani wa Ahmadnagar, uliomiliki ngome ya Janjira, lakini watawala wa Janjira si kizazi chake. Tena, kwa muda mrefu cheo hakikuwa cha kurithiwa na mtoto kutoka kwa baba, kwani makamanda wa Kisidi walimchagua mkuu miongoni mwao.

Husemwa pia kwamba Janjira haikuwahi kushindwa, kwa hiyo ilikuwa huru daima. Ngome yenyewe, iliyojengwa juu ya mwamba baharini mbele ya Murud, haikutekwa na Wamaratha, Wahindu wa magharibi mwa India, ingawa mfalme wao Shivaji aliishambulia mara kadhaa na mwanawe Sambhaji, mwaka 1682, alijaribu kujaza mawe baharini ili apate njia ya kuifikia. Hata hivyo, sehemu kubwa ya ardhi ya bara ilipotea katika vita vya miaka ya 1730 dhidi ya Bajirao, waziri mkuu wa Wamaratha. Masidi hao walitumikia Ahmadnagar, kisha usultani wa Bijapur, kisha Wamoguli, watawala wa India ya kaskazini, na mwishoni wakawa chini ya ulinzi wa Waingereza. Jambo ambalo halitajwi inavyostahili ni kwamba mwaka 1689, wakipigana kwa niaba ya Aurangzeb, mfalme wa Wamoguli, waliwazingira Waingereza hao hao mjini Bombay (Mumbai ya leo) mpaka wakamwomba mfalme msamaha na kutozwa faini ya rupia 150,000.

Ugomvi wao na Shivaji haukuwa wa dini tu: Daulat Khan, Mwislamu, aliongoza merikebu za Shivaji, nao raia wengi wa Janjira walikuwa Wahindu. Kilichogombewa ni bandari na ushuru wake.

Wala si Masidi wote wa leo walio wazao wa manawabu hao, yaani watawala wa Janjira. Wengi wa Gujarat na Karnataka wana asili ya Wabantu wa Afrika Mashariki.