Rasimu Iliyokamilika Bado Si Riwaya: Dhana Zinazowakwamisha Waandishi Wanaoanza

Nilianza kuandika riwaya yangu ya kwanza katika kauntabuku ya kwaya tatu miaka saba iliyopita. Tangu wakati huo nimekamilisha rasimu tatu: moja ya riwaya ile ya kwanza, na mbili za riwaya ya pili ambayo bado iko mezani kwangu. Katika muda huo nimebadili namna ya kufanya kazi mara mbili, na kila nilipobadili nilielezwa na watu ninaowaheshimu kwamba mwandishi wa kweli hahangaiki hivyo. Nimeyachunguza maneno yao kwa makini, kwa sababu nimeona dhana za aina hii zikiwafanya watu wenye kipawa waweke kalamu chini wakiwa wamebakiza sura tano au sita tu.

"Riwaya nzuri humjia mtu kwa mkupuo mmoja"

Mfano unaotajwa sana ni wa Mmarekani Jack Kerouac, ambaye mwezi Aprili 1951 aliipiga taipu riwaya yake ya On the Road kwa wiki tatu, kwenye karatasi zilizounganishwa hadi zikawa gombo lenye urefu wa meta zipatazo 36. Habari hiyo ni ya kweli, lakini husimuliwa nusu. Kabla ya wiki hizo Kerouac alikuwa ametumia miaka kadhaa kujaza madaftari kwa kumbukumbu za safari zake na kujaribu mianzo ambayo haikumridhisha, na baada ya hapo maandishi yake yaliendelea kupitiwa na kurekebishwa hadi kitabu kilipotoka mwaka 1957.

Ubaya wa dhana hii ni kwamba humfanya mwandishi aione siku ya ukavu kuwa ni hukumu dhidi ya kipawa chake. Rasimu yangu ya kwanza ilinichukua miaka miwili na miezi miwili, na zilikuwapo siku ambazo sikuvuka maneno 100. Nilipokuja kuisoma yote, sikuweza kutofautisha kurasa zilizotoka kwa urahisi na zile nilizozikamua, na hilo lilinitoa hofu niliyokuwa nimeibeba kwa muda mrefu.

"Ukimaliza rasimu umemaliza riwaya, kilichobaki ni kusahihisha tahajia"

Hii ndiyo dhana iliyonigharimu zaidi. Nilipoandika neno la mwisho nilizipeleka kauntabuku zangu nne kwenye steshenari zikachapwa, zikatoa maneno yapatayo 68,000, nikasahihisha tahajia kwa muda wa juma moja, kisha nikautuma mswada kwa mchapishaji. Jibu lilikuja baada ya miezi minane, nalo lilikuwa fupi na la haki: mswada haukuwa tayari. Niliuweka kando kwa miezi mitatu, halafu nikaanza kuusoma upya kwa sauti, sura baada ya sura, na hapo ndipo nilipoelewa maana ya neno rasimu.

Jambo la kwanza nililoligundua ni la lugha yetu yenyewe. Kiambishi cha nafsi ya tatu katika Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke, kwa hiyo sentensi kama "alimtazama, akamwambia amwache" inaweza kumpoteza msomaji kabisa iwapo kuna wahusika watatu chumbani. Mimi niliyeandika nilijua nani alimtazama nani, kwa kuwa nilikuwa nawaona. Msomaji hakuwa na namna ya kuwaona isipokuwa kwa maneno yangu. Jambo la pili lilikuwa mfululizo wa "-ka-": akaamka, akanawa, akavaa, akatoka, kurasa nzima zikienda kwa mwendo mmoja, na karibu kila aya ikianza kwa "basi" au "ndipo". La tatu, ambalo lilinisikitisha zaidi kuliko yote, lilikuwa mazungumzo. Mvuvi wa Pangani, hakimu wa Dodoma na msichana wa miaka kumi na minne walikuwa wakizungumza Kiswahili kimoja, safi kama cha msomaji wa taarifa ya habari, kwa sababu shuleni tulifundishwa kwamba maandishi hayana budi kuwa sanifu, nami sikuwahi kutenganisha usanifu wa msimulizi na vinywa vya wahusika.

Hakuna hata kosa moja kati ya hayo ambalo msahihishaji wa tahajia angeliona, kwa kuwa maneno yote yalikuwa yameendelezwa barabara.

Kuna marekebisho makubwa kuliko hayo pia. Chinua Achebe alipokuwa akiandika riwaya ambayo wasomaji wengi wa Kiswahili wanaifahamu kwa jina la Shujaa Okonkwo, rasimu yake ilibeba habari za zaidi ya kizazi kimoja cha familia ileile. Aliona kwamba hadithi imekuwa nyembamba kwa kutaka kubeba mengi, akaigawa. Sehemu ya mwanzo ikapanuliwa na kutoka mwaka 1958, na habari za mjukuu zikawa kitabu kingine mwaka 1960. Hata kazi iliyokwisha kupigwa chapa inaweza kurudiwa, na wakati mwingine inastahili kurudiwa: Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar, na mwaka 1969, akiwa rais mwenye shughuli za nchi nzima, akatoa toleo aliloliboresha, ambalo hata jina lake lilikuwa limekuwa la Kiswahili zaidi: Juliasi Kaizari.

"Mwandishi wa kweli ana mbinu moja, na anayebadili mbinu hajakomaa"

Rasimu ya kwanza niliiandika bila mpango wowote, nikiifuata hadithi kokote ilikokwenda. Iliponishinda, niliapa kwamba ya pili ningeipanga yote kabla sijaandika sentensi moja. Nilikata kadi 40, kila kadi ikawa na tukio lake, nikazibandika ukutani, kisha nikaandika kwa miezi saba tu. Nilidhani nimepata dawa. Lakini niliposoma niliona kwamba wahusika walikuwa wakitenda mambo kwa sababu kadi imesema, si kwa sababu ya tabia zao. Katika sura ya 12 binti mmoja anaondoka nyumbani kwa shangazi yake usiku bila ugomvi wala hofu yoyote, kwa kuwa tu kadi ya 13 ilimhitaji awe stendi ya mabasi ya Tanga alfajiri.

Namna ninayoitumia sasa imetokana na kasoro za zote mbili. Niliandika sura nne za mwanzo kwa uhuru hadi nikazisikia sauti za wahusika, ndipo nikasimama na kuandika muhtasari wa ukurasa mmoja. Kila ninapomaliza sura, naandika chini yake sentensi mbili zinazoeleza ni nini kimebadilika kwa mhusika mkuu; nikishindwa kuziandika, sura hiyo naiondoa. Vilevile nimehamisha usimulizi kutoka nafsi ya tatu kwenda ya kwanza. Nilifikiri ni kazi ya kubadili "ali-" kuwa "nili-", kumbe kila sura ilinibidi niiulize upya: je, binti huyu angelijuaje jambo hili? Sura tatu zilikufa kwa swali hilo peke yake, kwa kuwa zilisimulia mambo yaliyotendeka asipokuwapo.

Wanaosema mwandishi habadiliki wangetazama safari ya Euphrase Kezilahabi. Aliyeandika Rosa Mistika mwaka 1971, riwaya ya kihalisia ambayo msomaji wa kawaida anaifuata bila shida, ndiye aliyetoa Nagona mwaka 1990, kazi fupi ya mafumbo ambayo wahakiki wamejadiliana hata kama inafaa kuitwa riwaya. Hakuwa mtu aliyepotea njia. Jambo alilotaka kulisema lilikuwa limebadilika, na chombo cha zamani hakikulitosha.

Nakiri kwamba kubadili mbinu nako kuna mpaka wake. Anayebadili mbinu kila anapofika sura ya saba, kabla hajamaliza chochote, hajifunzi, kwa sababu kasoro za mbinu yoyote huonekana vizuri rasimu ikiwa nzima. Ningeziacha zile kadi katikati, nisingejua zimeniharibia nini.

"Riwaya inahitaji mtu mwenye muda wa kutosha"

Anthony Trollope alikuwa mfanyakazi wa posta ya Uingereza. Alikuwa akikaa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, akiwa ameweka saa mbele yake, akijitaka maneno 250 kila robo saa, na aliacha riwaya 47. Mwendo huo si wa kila mtu. Hata hivyo, maneno 300 kwa siku, siku tano kwa juma, humfikisha mtu kwenye maneno 60,000 kwa majuma 40, na maneno 300 hayajazi kurasa mbili za kauntabuku.

"Rasimu isiyochapishwa ni kazi bure"

Mswada wangu wa kwanza haujachapishwa, na sitarajii kwamba utachapishwa. Sura yake ya tisa niliitoa nikaifanya hadithi fupi inayosimama peke yake. Yule mvuvi wa Pangani nilimhamishia kwenye riwaya ya pili, ambamo sasa yeye ndiye baba wa binti aliyekimbilia Tanga, na ugomvi wao wa jioni moja, anaouendesha kwa lahaja ya pwani yake, ndio unaomtoa binti yule nyumbani.