Mafuta ya taa kwenye chupa ya soda: tunayoyaamini na yaliyo kweli

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki mafuta ya taa hayana chombo chake. Hununuliwa dukani kwa kipimo, humiminwa kwenye chupa ya maji au ya soda, kisha chupa huwekwa sakafuni karibu na jiko. Wanaoyanywa zaidi ni watoto wa kati ya mwaka mmoja na mitatu. Na mara nyingi, kabla mtoto hajafikishwa hospitalini, nyumbani ameshafanyiwa jambo la kumzidishia madhara, tena na watu wanaompenda.

“Maziwa yanaua sumu.”

Hii ndiyo dhana ninayotamani ife kabla ya zote. Mafuta ya taa yakitulia tumboni, kwa kawaida hayaleti madhara makubwa. Hatari iko kwenye mapafu. Mafuta haya ni mepesi na hutambaa upesi, hivyo mtoto akipaliwa, hata kiasi kisichofika mililita moja kinatosha kusambaa kwenye njia za hewa. Kule huharibu utando laini unaozuia vifuko vya hewa visinywee, mapafu huvimba, na mtoto hupata nimonia ambayo haikuletwa na kijidudu chochote.

Sasa fikiria anapotapika. Mafuta yaliyokuwa yameshapita salama yanarudi kooni, na mtoto anapaliwa mara ya pili. Maziwa mengi, mafuta ya kula, maji ya chumvi, kidole kooni: vyote vinamfikisha huko huko. Hata hospitalini hawamtapishi. Usimpe kitu. Mvue nguo zilizolowa mafuta, mwoshe ngozi kwa sabuni na maji, mpeleke. Akitapika mwenyewe njiani, mlaze kwa ubavu.

“Mbona anacheza? Hakuna shida.”

Kikohozi kinaweza kuanza papo hapo, lakini dalili nyingine huchelewa kwa saa kadhaa. Ndiyo maana mtoto anayeonekana mzima hubakizwa hospitalini akiangaliwa kwa saa zisizopungua 6. Kupumua haraka, mbavu kubonyea ndani kila anapovuta pumzi, usingizi usio wa kawaida, midomo kugeuka rangi: hizo ni dalili za mapafu kuelemewa. Mzazi asiwe yeye wa kuamua kwamba yamekwisha.

“Harufu itamkimbiza, na nimeshamkataza.”

Mtoto wa miaka miwili hanusi kwanza. Anaijua ile chupa, ndiyo aliyonyweshwa maji jana, na ana kiu. Kumwita mtundu ni kumwonea, kwa sababu aliyeweka mafuta kwenye chupa ya kunywea ni mtu mzima. Afrika Kusini walijaribu kugawa kwa familia vyombo vya mafuta ya taa vyenye kifuniko kigumu kwa mtoto kufungua, na matukio ya watoto kunywa mafuta yakapungua kwa karibu nusu. Kilichobadilika ni chombo, watoto ni wale wale. Dumu dogo lenye kifuniko kinachokaza, likiwekwa juu asipofika, linashinda makatazo yote.

Vifuniko hivyo navyo visitulaze usingizi. Marekani, ambako sheria ya mwaka 1970 ilianza kuvilazimisha kwa dawa na kemikali za nyumbani, kifuniko kinafaulu kipimo ikiwa asilimia 80 ya watoto wanashindwa kukifungua ndani ya dakika 10. Maana yake wapo wanaofungua.

“Kostiki ya kutengenezea sabuni inazimwa kwa ndimu au siki.”

Hapana. Kostiki ni kemikali kali inayounguza, na mtoto aliyeinywa akipewa asidi ya ndimu au siki, mchanganyiko huo unazalisha joto juu ya kidonda kibichi. Na akitapishwa, umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, unaungua kwa mara ya pili, na kovu lake linaweza kuuziba kiasi kwamba chakula hakipiti.

“Betri iliyokwisha haina madhara.”

Ninasema zile bapa za duara, za rimoti, mizani na midoli yenye taa. Betri isiyoweza tena kuwasha rimoti bado ina umeme wa kutosha kumuunguza mtoto. Ikikwama kwenye umio uliolowa mate, mkondo wake hutengeneza kemikali kali pale pale, na ndani ya saa 2 umio unaweza kuungua vibaya. Zenye upana wa milimita 20 ndizo zinazokwama zaidi. Mtoto huanza kutokwa na udenda, kukataa kula, kukohoa, na watu wakadhani ni mafua. Huyu anahitaji eksirei mara moja. Akiwa amepita mwaka mmoja na anaweza kumeza, vijiko viwili vidogo vya asali kila baada ya dakika 10 mkiwa njiani husaidia kupunguza kuungua, mradi kuitafuta asali kusiwacheleweshe. Chini ya mwaka mmoja, asali hapana.

“Vidonge vya damu ni vitamini tu.”

Vidonge vya madini chuma anavyopewa mama kliniki vingi ni vyekundu na vinang'aa. Mtoto akivila vichache kama pipi vinaweza kumuua, na kuna wakati huonekana amepata nafuu kabla hali haijageuka ghafla. Basi dawa tusiziite pipi ili mtoto akubali kumeza.

Lolote alilokula au kunywa, nendeni hospitalini na chupa au pakiti yenyewe, hata kama imebaki tupu. Daktari atataka kujua ni kitu gani, kiasi gani na saa ngapi.