Katakana za nusu upana haziokoi nafasi

Kwa mara nyingine tena nimeletewa maelezo ya mfumo yanayoagiza kwamba majina ya wateja wa Japani yahifadhiwe kwa katakana (mwandiko wa silabi wa Kijapani) za nusu upana, yaani zile nyembamba zenye nusu ya upana wa zile za kawaida, ili kuokoa nafasi, na kwamba tofauti kati yake na katakana za kawaida ni suala la fonti tu. Madai yote mawili si ya kweli, na imani hii inanichosha kwa sababu anayeumia ni mtu ambaye jina lake linaharibiwa na mfumo bila yeye kujua.

Zamani nafasi iliokolewa kweli. Kiwango cha Japani cha mwaka 1969, JIS C 6220, ambacho baadaye kiliitwa JIS X 0201, kiliweka herufi na alama 63 katika baiti (vipimo vidogo vya kuhifadhi data) za A1 hadi DF, namba za mfumo wa kumi na sita, na kila moja ilitosha katika baiti moja. Shift_JIS, mfumo wa baadaye wa kusimba maandishi ya Kijapani, ilizikuta zimekwisha kukaa hapo ikaziacha, na ndiyo maana herufi zake za baiti mbili huanza na baiti zilizo kabla ya A1 au baada ya DF. EUC-JP, mfumo mwingine wa kusimba, inazipa baiti mbili, ISO-2022-JP ya barua pepe haina nafasi yake kabisa, na Unicode, orodha ya pamoja ya herufi za lugha za dunia, imezitengea misimbo ya FF61 hadi FF9F ili maandishi ya zamani yaweze kuingia na kutoka bila kupoteza kitu. Katika UTF-8, njia ya kuandika Unicode kwa baiti, kila moja inakula baiti tatu, sawasawa na katakana ya kawaida.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo watu hawataki kulisikiliza. Katika katakana za kawaida, silabi «be» ni herufi moja, ベ. Katika nusu upana hakuna herufi ya «be». Kuna ﾍ, yaani «he», ikifuatwa na alama ya dakuten, ﾞ, inayoigeuza «he» kuwa «be», na ambayo ni herufi inayojitegemea yenye msimbo wake. Chukua jina la ukoo la Watanabe: ワタナベ ni herufi nne, lakini ﾜﾀﾅﾍﾞ ni tano. Katika Shift_JIS la kwanza ni baiti nane na la pili ni tano, kwa hiyo babu zetu wa kompyuta walikuwa na sababu. Katika UTF-8 la kwanza ni baiti kumi na mbili na la pili ni kumi na tano. Anayeokoa nafasi kwa njia hiyo leo anaongeza mzigo. Baya zaidi, sehemu ya fomu iliyowekewa kikomo cha herufi nne itakata alama ya mwisho, na Bwana Watanabe atakuwa Watanahe bila programu kutoa onyo lolote, kwa kuwa ﾜﾀﾅﾍ ni maandishi halali kabisa.

Kwa sababu hiyohiyo, jedwali la kubadilisha herufi moja kwa moja halitoshi, na fonti haiwezi kusaidia chochote. Usawazishaji wa Unicode, yaani kuyaleta maandishi yanayolingana katika umbo moja, una aina kadhaa: ule wa NFC hauzigusi herufi hizi. NFKC ndio unaozigeuza kuwa za kawaida na kuiunganisha dakuten na herufi yake. Hata hivyo, NFKC wenyewe haunipi amani, kwa maana unabadilisha pia ① kuwa 1, na alama ya kampuni ㈱ kuwa herufi tatu, (株). Sioni kwamba nina haki ya kuandika upya jina ambalo kampuni imelichagua. Kwa hiyo ninahifadhi jina kama lilivyoandikwa, na kando yake nakala iliyosawazishwa kwa ajili ya utafutaji, ingawa ninajua kwamba nakala mbili za jambo moja zinaweza kuachana siku moja, na sijapata njia inayoniridhisha zaidi.

Upangaji nao una mtego wake: ヲ ya nusu upana iko FF66, mbele ya ｱ, ilhali katika mpangilio wa kawaida wa kana (herufi za silabi za Kijapani) iko karibu na mwisho.

Herufi hizi bado zina kazi. Faili za Zengin za kuhamisha fedha kati ya benki za Japani hutumia jina la mpokeaji kwa nusu upana, na hapo hakuna mjadala. Geuza jina katika hatua ya mwisho kabisa, faili inapotoka, na urefu uupime baada ya kugeuza, si kabla.