Maji ndani ya kopo la rangi: ninavyopima hapa Mombasa

Fundi aliyenipigia simu hakuwa na maneno mengi. "Kaka, rangi imekataa. Njoo ujionee." Nilivuka na feri ya Likoni asubuhi, sanduku la mita yangu ya kupima unyevu begani, na kabla ya saa tatu nilikuwa nimepiga magoti juu ya sitaha ya boti ambayo jana yake jioni ilipulizwa rangi nyeupe ya poliurethani. Kwa mbali iling'aa. Ukiikaribia unaona chunusi, maelfu kwa maelfu, na ukipitisha kiganja unahisi kama umepapasa msasa.

Nilikata chunusi moja kwa wembe nikaitazama kwa lenzi. Ndani hamkuwa na kitu. Ingekuwa vumbi, ningekuta chembe. Nililokuta ni kishimo cha mviringo, kuta zake laini zinang'aa, na kishimo cha namna hiyo ni kiputo cha gesi kilichonaswa rangi ilipokuwa inakauka.

Mwenye boti alikuwa ameshatoa hukumu: fundi hajui kazi. Hilo ndilo linaloniuma katika kazi hii ya ukaguzi wa rangi, kwa sababu nimeliona mara nyingi mno. Rangi ikiharibika, wa kwanza kulaumiwa ni aliyeshika bunduki ya kupulizia, na wa mwisho kuulizwa ni kopo. Fundi huyu alikuwa na daftari. Joto la chuma alilipima, nyuzi 34. Hewa ilikuwa nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, maana yake umande ungeanza kutua kwenye kitu chochote chenye nyuzi 26 kushuka chini. Kanuni inataka chuma kiwe na joto la nyuzi 3 au zaidi juu ya kiwango hicho, na yeye alikuwa na 8. Chujio la maji la kompresa alilimwaga kabla ya kuanza, nami nililifungua nikalikuta kavu. Basi maji, kama yapo, yaliingia kwa mlango mwingine.

Rangi ya poliurethani huja kwa makopo mawili, rangi yenyewe na hadena. Ndani ya hadena mna isosianeti, na kazi yake ni kushikana na rangi ili zigandane ziwe ngozi moja ngumu. Tatizo ni kwamba isosianeti hushikana na maji pia, na ikishikana nayo hutoa kabonidioksaidi. Gramu 18 za maji, yaani vijiko vidogo vitatu na nusu vya chai, hutoa takribani lita 25 za gesi katika joto letu hili. Debe la lita 20 halitoshi kuipokea. Maji hayohayo gramu 18 hula isosianeti ya karibu nusu kilo ya hadena ya kawaida, kwa hiyo licha ya chunusi, rangi inabaki na upungufu wa hadena: haikomai vizuri, mng'ao unafifia, na thina (kimiminika cha kupunguzia rangi) ikiimwagikia inalainika. Sehemu ya gesi hutoka rangi ikiwa bado majimaji. Inayochelewa ndiyo inayoacha chunusi.

Fundi alikuwa ametumia lita 4 za thina. Thina hiyo ikiwa na maji asilimia 0.5 tu, hizo ni gramu 17 na ushei. Kwa macho huwezi kuona chochote. Iko wazi kabisa, inanukia kama kawaida, inapunguza rangi kama kawaida. Ndiyo maana nabeba mita.

Mita ninayotumia inafuata njia ya Karl Fischer, mkemia Mjerumani aliyeichapisha mwaka 1935. Iodini, ikiwa pamoja na dioksidi ya salfa, alikoholi na kemikali ya kupunguza ukali wa asidi, hula maji kwa hesabu maalumu: molekuli moja ya iodini kwa molekuli moja ya maji. Maji yakiisha, iodini inabaki bila kazi, na mita inaitambua papo hapo. Katika mita yangu iodini haimiminwi, inatengenezwa humohumo ndani ya seli, yaani kichupa cha mita kinachopokea sampuli, kwa umeme, na kifaa kinahesabu umeme uliotumika. Miligramu moja ya maji inalingana na kulombu (kipimo cha umeme uliopita) 10.72. Hesabu hiyo haibadiliki iwe maabara ya Ulaya au kivuli cha mwembe Mtongwe. Mita inatumia betri, na ukubwa wake ni kama sanduku la chakula cha mchana la wafanyakazi watatu.

Ziko mita nyingine za kubebeka. Ile ya chupa ya chuma, ambayo unatia sampuli pamoja na unga wa kalsiamu hidraidi, unafunga na kutikisa, halafu unasoma shinikizo la hidrojeni inayotoka, mabaharia wanaijua kwa sababu wanapimia mafuta ya injini. Ni imara na haitaki umeme. Lakini unga ule hushikana na alikoholi pia, na thina nyingi zina alikoholi, basi namba inapanda kwa kitu kisicho maji. Kisha hidrojeni ni gesi ya kulipuka, na mahali pa rangi hapakosi mvuke wa thina. Mimi siifungui penye mashine ya kulehemu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa kila anayenunua mita alishike kabla hajaishika mita yenyewe. Hapa pwani kusoma namba ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kuizuia hewa. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 imebeba takribani gramu 24 za maji katika kila mita moja ya ujazo, na maji hayo yanatafuta pa kuingia. Usipokuwa mwangalifu, utakuwa umeipima Mombasa ukidhani umepima rangi.

Nitakupa mfano wa chupa. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nikihifadhi vichupa vya sampuli ndani ya gari lenye kiyoyozi, nikiamini ubaridi unavilinda. Nikifika kazini nakitoa kimoja, nakifungua, natia rangi, nakifunga. Kikitoka garini kiko nyuzi 20 hivi. Umande unaanza kutua kwenye nyuzi 26. Kwa hiyo kioo kinatoa jasho, nje na ndani, kama gilasi ya maji ya madafu yenye barafu. Tone moja la maji lina takribani gramu 0.05. Liingize katika sampuli ya gramu 10, umeongeza maji ya asilimia 0.5, kiwango kilekile kinachotosha kuiua rangi ya poliurethani. Tone moja la jasho la kioo linaweza kulitia hatiani pipa zima lisilo na kosa. Siku hizi vichupa vinakaa kwenye kopo lenye silika ya kunyonya unyevu, na sivifungui mpaka vipate joto la hapo nilipo. Nikikishika shavuni nisikihisi baridi, kiko tayari.

Sampuli ya thina sichoti kwa kikombe. Naivuta kwa bomba la sindano la kioo lenye sindano ndefu, kutoka katikati ya pipa, na kwanza nalisuuza bomba mara tatu kwa thina ileile, kwa sababu unyevu wa ndani ya bomba nao ni maji. Nalipima uzito, nachoma kizibo cha mpira cha seli, nasukuma, natoa, napima tena. Tofauti ya uzito ndiyo sampuli iliyoingia. Mizani ndogo nimeifunika kwa katoni, maana upepo wa kusi ukiipiga tarakimu hazitulii. Kabla ya yote hayo naangalia mita yenyewe inavuja unyevu kiasi gani: ikiwa inaingiza zaidi ya mikrogramu 20 kwa dakika, sianzi. Mara nyingi mkosaji ni kile kizibo cha mpira kilichochomwa mara nyingi mno. Kizibo kipya ni bei ya nauli ya tuktuk, ila watu wanakitumia mpaka kimekuwa chekecheke.

Rangi yenyewe haiingii kwenye seli hivihivi. Unga wake unachafua kila kitu, na baadhi ya unga, kama oksidi ya zinki, unapatana na kemikali za Karl Fischer na kukupa maji ya uongo. Napima gramu 5 za rangi ndani ya chupa yenye kiyeyusho kikavu, natikisa, naacha unga utulie chini, kisha naingiza kwa sindano kiyeyusho cha juu kilichotakata na kuondoa hesabu ya maji ya kiyeyusho chenyewe. Hadena siipimi kwa njia hii kamwe, kwa kuwa isosianeti inashikana na alikoholi iliyomo ndani ya seli. Kopo la hadena linajisema lenyewe: likiwa limevimba, au ndani mna ukungu na vipande vyeupe, unyevu umeshaingia, lirudishe ulikonunua.

Mtego mmoja ulinigharimu usingizi. Kampuni moja iliniita kupima mapipa ya thina iliyokuwa na asetoni nyingi. Nikaingiza sampuli kwa sindano, namba ikaanza kupanda: 0.2, 0.3, 0.4, haina dalili ya kusimama. Niliandika ripoti kwamba thina ina maji. Muuzaji akapata hasara. Wiki iliyofuata niliingiza asetoni safi kutoka chupa mpya, nayo ikapanda vilevile, ndipo nikaelewa nilichokifanya. Asetoni hushikana na methanoli ya ndani ya seli na kutengeneza maji mapya palepale, kwa hiyo mita haikukosea, ilikuwa inahesabu maji niliyoyazalisha mwenyewe. Kuna kemikali maalumu za seli kwa ajili ya asetoni na jamii yake, zisizo na methanoli. Nilirudi kwa wote wawili, nikapima upya mbele yao, nikaifuta ripoti. Tangu siku hiyo sitoi namba bila mambo mawili: masomo matatu yanayokubaliana, na somo moja la maji ya kiwango kinachojulikana, sehemu 1,000 kwa milioni, yanayouzwa yamefungwa ndani ya kichupa cha kioo unachokivunja papo hapo. Mita ikikosea hiki, haijasema lolote kuhusu rangi.

Turudi kwenye boti. Thina ilitoka kwenye pipa lililokuwa limefunguliwa, limebaki robo. Mita, ikiwa na zile kemikali za asetoni, ilisoma asilimia 0.51, 0.50, 0.52. Pipa la pili, la aina ileile, bado na lakiri yake: 0.04. Thina inayokusudiwa kwa poliurethani inatakiwa isizidi 0.05, yaani sehemu 500 kwa milioni. Rangi yenyewe nayo ilikuwa sawa.

Nikamwomba fundi anioneshe lile pipa lililofunguliwa lilipokuwa likikaa. Nje, uani, limesimama wima, na ilikuwa mwezi wa Mei, masika yamekolea. Pipa lililosimama wima lina ukingo juu, na mvua ikinyesha ukingo ule unakuwa beseni, vizibo viko chini ya maji. Mchana jua likitoka, hewa ya ndani inatanuka na kujisukuma nje kupitia nyuzi za kizibo. Jioni pipa linapoa, hewa inajikunja, na pipa linavuta pumzi. Kinachovutwa ni yale maji yaliyotuama juu. Siku moja haina madhara makubwa. Wiki tatu za masika zinatosha. Tena thina hii ilikuwa na asetoni na butili asetati. Zailini, kiyeyusho kingine cha thina, peke yake haipokei maji karibu kabisa, yangeshuka yakakaa chini ukayaona. Asetoni inayapokea kwa kadiri yoyote, ndiyo maana hayakuonekana.

Mwenye boti alisoma zile namba kwenye karatasi, akamgeukia fundi, akasema, "Samahani, fundi." Fundi akajibu, "Yameisha, mzee," akaenda kutafuta msasa.

Si kila rangi inahitaji haya yote. Rangi ya mafuta ya milango na madirisha inavumilia maji kidogo, ingawa yakizidi mng'ao unapungua na kopo linaota kutu kwa ndani. Epoksi inasumbuka zaidi na unyevu wa hewa kuliko wa kopo: hadena yake inapanda juu, inakutana na maji na kabonidioksaidi ya hewani, inaacha utando mweupe unaonata kama nta, na utando huo lazima uoshwe kwa maji ya vuguvugu kabla ya mkono wa pili. Rangi ya maji ya kuta ni habari nyingine, kwa sababu maji ni sehemu halali ya mchanganyiko. Hapo swali ni kama kuna mtu ameongeza. Kwa hilo naacha Karl Fischer sandukuni: gramu moja kwenye kisahani, tanuri la nyuzi 105 kwa saa moja, kisha naangalia kilichobaki kikavu na kulinganisha na kopo lililofungwa kiwandani. Kilichoruka si maji matupu, lakini kopo lililoongezwa maji halifanani na ndugu yake.

Sitaha ilipigwa msasa siku mbili, ikapulizwa upya kwa thina ya pipa la pili, kuanzia saa nne asubuhi. Pipa hilo sasa limelazwa chini ya paa la mabati, limewekewa vigingi lisibingirike, vizibo vyake viwili vikiangalia kulia na kushoto kama saa tatu na saa tisa kwenye uso wa saa, ili thina ya ndani iviloweshe na maji ya mvua yasipate pa kutuama. Nilipita tena baada ya wiki sita, mvua bado hazijaisha, nikapima sampuli. Ilisoma 0.05.