Mashine moja ya Rufiji ikijitoa

Tangu mashine ya 9 ya Bwawa la Julius Nyerere, kwenye mto Rufiji, iwashwe mwaka 2025, naulizwa swali lile lile, hata msibani: kama Rufiji kuna megawati 2,115, na mwanzoni mwa mwaka huo kilele cha matumizi ya nchi nzima kilikuwa karibu 1,900, mbona umeme bado unakatika? Ni swali la haki, na mimi kazi yangu ni kufuatilia mwenendo wa gridi.

Gridi haina ghala. Umeme unaozalishwa sekunde hii lazima ulingane na unaotumika sekunde hii, na mizani yake tunaisoma kwenye masafa, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde, ambayo hutakiwa kuwa hezi 50. Jioni watu wakiwasha taa, pasi na majiko, mashine zinaelemewa, mzunguko unapungua, masafa yanashuka. Hapo bwawa halina mpinzani. Milango ya turbaini ikifunguka kidogo tu, nguvu inapanda ndani ya sekunde chache.

Lakini kila mashine pale ni megawati 235. Moja ikijitoa ghafla kwenye gridi ikiwa inazalisha kwa uwezo wake wote, zaidi ya sehemu ya kumi ya umeme wa nchi imeondoka kwa mpigo. Zilizobaki zisipokuwa na nafasi ya kuongeza, vifaa vya ulinzi vinazima baadhi ya mitaa vyenyewe ili gridi nzima isianguke. Kwa hiyo mtaa wako unaweza kuwa gizani wakati bwawa limefurika.

Halafu kuna umbali. Umeme wa Rufiji unapanda hadi Chalinze kwa njia ya msongo wa kilovoti 400. Kutoka hapo hadi Arusha ni safari ndefu, nguvu inapotea njiani. Machi 2025 serikali ilipozungumzia kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya Kaskazini, wengi walikasirika. Mimi naunga mkono. Namanga, mpakani na Kenya, iko jirani na Arusha kuliko Rufiji ilivyo.

Sababu yangu kubwa zaidi ni mvua. Tazama ramani: mabwawa ya Mtera na Kidatu yako kwenye mto Ruaha Mkuu, na Ruaha Mkuu unaingia Rufiji. Maji ya Kihansi yanashukia Kilombero, nayo yanaishia huko huko. Ukihesabu na la Nyerere, ni mabwawa manne, bonde moja. Ukame ukipiga bonde hilo, yote yanadhoofika pamoja, na mitambo ya gesi ya Kinyerezi na Ubungo, Dar es Salaam, ndiyo inayobaki kubeba mzigo. Nyanda za juu za Ethiopia zina majira yake ya mvua, tofauti na yetu.

Tuliokuwepo wakati wa mgao wa umeme wa 2006 tunaikumbuka namba 690: mita juu ya usawa wa bahari, kina cha chini kabisa cha kuendeshea mitambo ya Mtera. Hadi leo, Novemba ikifika mvua zikichelewa, kipimo cha kwanza ninachofungua asubuhi ni cha Mtera. Cha Rufiji nakifuata baadaye.